Uliza Mafundi: Saa ya Mashine Pepe na Prosesa Inayobadili Kasi

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kigoma, na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja: mashine pepe ambayo saa yake huchelewa au hukimbia prosesa inapobadili kasi. Tumezijibu pamoja. Katika majibu haya "mwenyeji" ni kompyuta halisi iliyoko mezani, "mgeni" ni mashine pepe inayoendeshwa ndani yake, na "msimamizi" ni programu inayomhudumia mgeni, kama vile VMware, VirtualBox au KVM.

SWALI: Risiti zinarudi nyuma umeme ukikatika

Ndugu wahariri, habari za kazi. Nina duka la vipuri vya injini za boti hapa Kibirizi. Programu yangu ya mauzo ni ya zamani, iko ndani ya VMware Player kwenye laptopu ya mtumba yenye Windows XP na prosesa ya AMD Turion 64 ya GHz 2.0. Umeme ukiwepo hakuna shida. Juzi ulikatika saa 4 kamili asubuhi, tukaendelea kuuza kwa betri. Uliporudi saa 6 mchana, risiti zilikuwa zinaandika saa 4 na dakika 48. Fundi kaniambia nibadilishe betri ndogo ya ndani. Nimebadilisha, hali ni ile ile.
Msomaji, Kibirizi

JIBU: Nzuri, ndugu yetu, na pole kwa usumbufu. Betri ndogo ya ndani, ile CR2032 ya volti 3, hutunza saa kompyuta ikiwa imezimwa. Yako haikuzimwa, kwa hiyo haihusiki.

Jibu limo kwenye namba ulizotuandikia. Kutoka saa 4 hadi saa 6 ni dakika 120, na mgeni amehesabu dakika 48. Gawanya 48 kwa 120, unapata 0.4. Turion yako ikibana matumizi ya umeme hushuka hadi MHz 800. Gawanya 800 kwa 2000 za kasi yake kamili, unapata 0.4 ile ile. Kulingana huko si bahati.

Tangu Pentium ya mwaka 1993, prosesa za ukoo huu zina kaunta ya biti 64 iitwayo TSC, inayoongezeka kadiri prosesa inavyopiga. Kuisoma ni amri moja tu, tena ya haraka mno, ndiyo maana wasimamizi wa mashine pepe huipenda. VMware ilipowashwa iliipima, ikakuta mapigo bilioni 2 kwa sekunde, ikaweka kanuni: kila mapigo bilioni 2 ni sekunde moja. Umeme ulipokatika, Windows ikaishusha prosesa ili kuokoa betri, na kwa Turion kaunta hushuka pamoja na prosesa. Mapigo bilioni 2 sasa yanachukua sekunde 2.5 za ukutani, lakini mgeni bado anayaita sekunde moja.

Hali ya kinyume ni mbaya zaidi. Laptopu ikiwashwa ikiwa kwenye betri, msimamizi atapima MHz 800. Umeme ukirudi, saa ya mgeni itakimbia mara 2.5. VMware Tools za matoleo ya zamani huisogeza mbele saa iliyochelewa, ila iliyotangulia haziirudishi nyuma. Hapo utapata risiti zenye tarehe ya kesho.

Tiba yake ni hii. Zima mashine pepe zote kabisa, usizisitishe tu, kisha funga VMware. Fungua kwa Notepad faili hili, na kama halipo litengeneze:

C:\Documents and Settings\All Users\Application Data\VMware\VMware Player\config.ini

Ongeza mistari mitatu:

host.cpukHz = 2000000
host.noTSC = TRUE
ptsc.noTSC = TRUE

Mstari wa kwanza unamwambia msimamizi kasi kamili ya prosesa, ili asijipimie mwenyewe wakati prosesa imelala. Ya pili na ya tatu inamkataza kupima muda kwa TSC. Atatumia saa nyingine za mwenyeji ambazo hazifuati kasi ya prosesa. Wengi hukosea kwenye kipimo cha mstari wa kwanza. Ni kilohezi: GHz 2.0 ni 2000000. Ukiandika 2000 umeweka megahezi, na ukiandika 2000000000 umeweka hezi. Vyote viwili vitaharibu saa kuliko mwanzo. Andika pia kasi iliyobandikwa kwenye prosesa, usiandike ile inayoonekana kwenye kioo wakati huo.

Hifadhi faili, washa upya laptopu, washa mgeni, kisha ndani ya VMware Tools ruhusu saa ilinganishwe na ya mwenyeji. Jaribu: chomoa chaja, subiri dakika 10, linganisha na simu. Tofauti isizidi sekunde moja au mbili. Chomeka tena, subiri dakika 10 nyingine, linganisha mara ya pili. Usiruke jaribio hili la pili, maana kasi inayopanda ina matatizo yake tofauti na inayoshuka.

Iko njia nyingine: kuchagua mpango wa umeme wa "Always On" ili prosesa isishuke kabisa. Inafanya kazi, lakini betri itaisha mapema, na kwa duka linalouza kwa betri sisi hatuishauri kuwa tiba ya kwanza. Kusubiri intaneti irekebishe saa hakutakusaidia pia. Programu ya kawaida ya kulinganisha saa, ntpd, husukuma saa polepole kwa sehemu 500 tu katika kila milioni, yaani sekunde 43.2 kwa siku. Wewe unapoteza sehemu 600,000 katika kila milioni.

Kuhusu risiti zilizokwisha kutoka na saa isiyo sahihi, ziandike kwenye daftari pembeni. Usirudishe saa nyuma huku programu ya mauzo iko wazi, kwa sababu programu nyingi hupanga miamala kwa saa na zinaweza kuchanganya hesabu. Na tafadhali, laptopu hiyo isiunganishwe na intaneti. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014.

SWALI: Kerneli inasema TSC haitegemeki

Salaam. Ofisi yetu ya Mwanga ina kompyuta ya mezani yenye Core 2 Duo, tumeweka Linux na KVM, na ndani yake wageni wawili: mmoja wa kanzidata, mwingine Windows. Kwenye ujumbe wa kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ya mwenyeji nimekuta "Marking TSC unstable due to TSC halts in idle". Nimeshauriwa niifunge prosesa kwenye kasi ya juu muda wote. Tunatumia sola mchana, kwa hiyo kila wati lina thamani. Kuna njia nyingine?
Msomaji, Mwanga

JIBU: Ipo, na tunakuomba usiifunge prosesa. Ushauri ule unalenga ugonjwa wa Turion, na wako si huo.

Tazama aina tatu za prosesa. Ya kwanza ni zile ambazo TSC hufuata kasi: Pentium M, Athlon 64 za mwanzo, Turion. Ya pili ni zile ambazo TSC hupiga kwa mwendo mmoja hata kasi ikibadilika, ila husimama prosesa ikiingia usingizi mzito. Core 2 iko hapa. Ya tatu ni zile ambazo TSC haibadiliki wala haisimami. Kwa Intel zilianza na kizazi cha Nehalem mwaka 2008. Aina yako utaijua kwa amri hii kwenye mwenyeji:

grep -o -w -E 'constant_tsc|nonstop_tsc' /proc/cpuinfo | sort -u

Yakitoka maneno yote mawili, uko aina ya tatu. Likitoka constant_tsc peke yake, uko ya pili. Lisipotoka lolote, uko ya kwanza.

Kwako, basi, kubadilika kwa kasi hakugusi TSC. Usingizi ndio unaoisimamisha, na kerneli imeligundua hilo yenyewe ikahamia saa nyingine. Thibitisha:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Utaona hpet au acpi_pm. HPET nyingi hupiga MHz 14.318 na saa ya ACPI hupiga MHz 3.579545, zote mbili hazijali prosesa imelala au iko macho. Ule ujumbe uliouona ni taarifa tu, hakuna kilichoharibika.

Wageni ndio wa kushughulikiwa. Mgeni wa Linux apewe saa ya kvm-clock, ambayo mwenyeji huisahihisha kila inapobidi. Mgeni wa Windows apewe hypervclock. Fungua maelezo ya mgeni kwa amri ya virsh edit, sehemu ya saa iwe hivi:

<clock offset='utc'>
  <timer name='kvmclock' present='yes'/>
  <timer name='rtc' tickpolicy='catchup'/>
  <timer name='pit' tickpolicy='delay'/>
  <timer name='hpet' present='no'/>
</clock>

Kwa Windows ongeza mstari wa hypervclock wenye present='yes', na offset iwe 'localtime' badala ya 'utc'. Kisha zima mgeni kwa virsh shutdown na umwashe kwa virsh start. Kuwasha upya kutoka ndani ya mgeni hakusomi maelezo mapya, na hapa wengi hupoteza nusu siku wakidhani mabadiliko yamegoma.

Ndani ya mgeni wa Linux soma tena lile faili la current_clocksource. Lazima liseme kvm-clock. Likisema tsc, chungulia /etc/default/grub. Miongozo ya zamani iliwafundisha watu kuweka clocksource=tsc au clocksource=acpi_pm kwenye mstari wa kerneli. Yafute, endesha update-grub, washa upya.

Tatizo moja litabaki. Kwa kuwa TSC ya mwenyeji haiaminiki, mgeni hawezi kusoma saa kwa njia ya mkato; kila usomaji utapitia kerneli yake. Kanzidata inayoandika saa kwenye kila mstari itaona uzito huo kidogo. Usahihi hautapungua.

SWALI: Ninaandika msimamizi wangu mwenyewe

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa Ujiji, mradi wangu wa mwisho ni programu ndogo ya mashine pepe niliyoiandika kwa C. Nimeijaribu kwenye kompyuta ya zamani ya chuo ambayo TSC yake hufuata kasi. Prosesa ikishuka, saa ya mgeni inaruka mbele ghafla. Ikipanda, inarudi nyuma na programu za ndani zinaganda. Ninasoma kasi mpya kila inapobadilika, sasa kosa liko wapi?
Mwanafunzi, Ujiji

JIBU: Marahaba, kijana. Swali lako limetufurahisha, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Kosa lako tunalijua bila kuona msimbo: unagawanya mapigo yote tangu mwanzo kwa kasi mpya. Chukua mashine iliyokimbia sekunde 100 kwa GHz 2.4. Kaunta ina mapigo bilioni 240. Kasi ikishuka hadi GHz 1.2, nawe ukagawanya bilioni 240 kwa bilioni 1.2, unapata sekunde 200. Saa imeruka sekunde 100 kwa kufumba na kufumbua. Mashine iliyoanza kwa GHz 1.2 ikapanda hadi 2.4 itatoka sekunde 100 kurudi 50, na programu yoyote iliyokuwa inasubiri sekunde ya 101 itasubiri sana.

Kila kasi inapobadilika funga hesabu ya zamani na ufungue mpya. Tunza vitu vitatu: muda wa msingi kwa nanosekunde, TSC ya msingi iliyosomwa papo hapo, na kasi. Mabadiliko yakija, piga hesabu ya muda uliokwisha pita kwa kasi ya zamani, uufanye muda wa msingi mpya, soma TSC upya, ndipo uweke kasi mpya. Kasi mpya haigusi mapigo ya zamani kamwe.

Pili ni wakati wa kutoa taarifa, na hapa KVM ina mfano wa kuigwa. Kerneli ya Linux hutoa taarifa mbili, moja kabla ya kasi kubadilika na nyingine baada ya kubadilika. Kasi ikiwa inapanda, KVM humsahihisha mgeni kabla. Ikiwa inashuka, humsahihisha baada. Fikiria kwa nini. Ukimwambia mgeni mapema kwamba kasi imepanda wakati mapigo bado ni ya polepole, kwa muda mfupi atahesabu pungufu. Kasi ikishuka na hajaambiwa, anatumia kasi kubwa kwa mapigo machache, atahesabu pungufu vilevile. Pande zote mbili kosa linaangukia kwenye kuchelewa, na saa iliyochelewa hurekebishwa kwa kusogezwa mbele. Ukigeuza mpangilio, mgeni atatangulia, na kumrekebisha itabidi umrudishe nyuma. Programu nyingi huvumilia saa iliyoruka mbele kidogo. Saa inayorudi nyuma huzivunja.

Tatu, namna ya kumpa mgeni hesabu. Usimwachie kugawanya, mpe namba ya kuzidisha na idadi ya biti za kusogeza. Kwa GHz 2.4, biti ni -1 na kizidishi ni 3579139413. Mgeni huchukua tofauti ya TSC, huigawa kwa 2 kwa kusogeza biti moja, huizidisha kwa kizidishi, kisha hutupa biti 32 za chini. Jaribu kwa mapigo bilioni 2.4: nusu yake ni bilioni 1.2, mara 3579139413, gawa kwa 4294967296, unapata nanosekunde bilioni moja, ikipungua sehemu ndogo isiyofika nanosekunde moja. Kasi ikishuka hadi GHz 1.2, kizidishi kinabaki kile kile na biti zinakuwa 0. Zao la kuzidisha linahitaji biti 96, kwa hiyo biti 64 hazitoshi pengo likiwa kubwa. Tumia aina ya biti 128 ya mkusanyaji (compiler) wako.

Namba hizi zinakaa kwenye ukurasa mmoja wa kumbukumbu ambao mwenyeji anauandika na mgeni anausoma, na mgeni anaweza kusoma katikati ya maandishi. Weka namba ya toleo mwanzoni mwa ukurasa. Mwenyeji huifanya kuwa witiri kabla ya kuandika, na shufwa akimaliza. Mgeni akikuta witiri, au akikuta toleo limebadilika kati ya mwanzo na mwisho wa kusoma, anarudia. Usisahau vizuizi vya kumbukumbu (memory barriers) kati ya hatua hizo, maana bila hivyo mkusanyaji au prosesa inaweza kupangua mpangilio wako na utaona hitilafu moja kwa wiki usiyoweza kuirudia.

Hayo yote ni kwa msimamizi anayekaa ndani ya kerneli. Kama wako ni programu ya kawaida, usisome TSC kabisa. Tumia clock_gettime yenye CLOCK_MONOTONIC kwenye Linux, au QueryPerformanceCounter kwenye Windows. Panga katizo za mgeni (ishara zinazoikatiza prosesa yake kwa wakati uliopangwa) kwa nanosekunde za saa hiyo. Taima ya PIT ya mgeni hupiga mara 1,193,182 kwa sekunde. Akiweka kigawanyo 1193 anataka katizo takriban 1000 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 999,847. Mwenyeji akikuchelewesha milisekunde 30, una deni la katizo 30. Usimmiminie zote kwa mkupuo. Mlipe kwa kukaza nafasi kati ya katizo hadi deni liishe, na weka kikomo cha deni, la sivyo mashine iliyositishwa saa nzima itaamka na katizo milioni 3.6 mlangoni.

Mgeni akisoma TSC mwenyewe, una hiari mbili. Mwachie asome ya kweli, ni haraka lakini kasi itamyumbisha. Au kamata amri hiyo umpe namba uliyoikokotoa kutoka nanosekunde, kwa kasi moja isiyobadilika. Kukamata kunagharimu mapigo zaidi ya elfu kila mara, badala ya makumi. Kwenye kompyuta ya chuo uliyoieleza, sisi tungekamata.

Kujaribu, tumia cpupower frequency-set -g userspace, kisha -f 1.2GHz na -f 2.4GHz kwa kupokezana kila sekunde 5, huku mgeni akiandika saa yake mfululizo. Kwenye kompyuta mpya jaribio hilo halitaonyesha kitu kwa kuwa TSC haifuati kasi. Huko tengeneza kasi ya bandia ndani ya msimamizi wako.

SWALI: Mgeni anaonyesha MHz 2400 siku zote

Mwenyeji wangu ukimpima yuko MHz 800, lakini ndani ya mgeni lscpu haibanduki kwenye 2400. Ninadanganywa?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Hudanganywi, ila namba hiyo haipimi kitu unachokitafuta. Ni kasi ya TSC iliyosomwa mgeni alipowashwa, na mgeni kwa kawaida hapewi kaunta zinazoonyesha kasi halisi ya sasa. Kasi ya kweli ipime kwa mwenyeji kwa amri ya turbostat au cpupower monitor. Na usilinganishe ubora wa programu mbili kwa kuzijaribu ndani ya mgeni kabla hujahakikisha mwenyeji alikuwa kwenye kasi ile ile nyakati zote mbili.

SWALI: Saa iko sawa, mgeni anakwama mchana

Nina kibanda cha uchapishaji Gungu, paa ni la bati. Kuanzia saa 7 mchana mashine pepe inakuwa nzito sana, sauti inakatika, hata kuandika ni shida. Jioni inarudi hali yake. Prosesa ni Core i5, umeme upo, chaja nimenunua mpya mwezi uliopita.
Msomaji, Gungu

JIBU: Una washukiwa wawili, joto na hiyo chaja mpya, na dalili za mchana zinaelekeza kwenye joto kwanza.

Prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto hujishusha kasi yenyewe, bila kuuliza mfumo endeshi. Core i5 ina TSC isiyobadilika, ndiyo maana saa imebaki sahihi. Kilichopungua ni kazi inayofanyika ndani ya kila sekunde. Mgeni huumia zaidi ya mwenyeji kwa kuwa hata diski, sauti na mtandao wake vinaigizwa na prosesa hiyo hiyo.

Kwenye Linux soma namba iliyo katika /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count asubuhi na saa 8 mchana. Ikiongezeka, ni joto. Kwenye Windows fungua kumbukumbu za matukio, tafuta tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power. Hilo husema kasi imebanwa na programu ya ndani ya kompyuta.

Fungua mfuniko wa chini, shika feni kwa kidole isizunguke, puliza vumbi litoke kwenye mapezi ya kupozea. Feni ikizungushwa na upepo wa pampu inaweza kuharibu beringi zake. Pesti ya prosesa ikiwa imekauka, futa kwa spiriti na uweke tone jipya dogo kama punje ya mchele. Inua laptopu juu ya meza ipate hewa chini. Katika mipangilio ya mgeni punguza prosesa: mwenyeji wa kiini 2 akimpa mgeni viini vyote 2, hakuna anayebaki kupumua.

Chaja nayo ipime. Baadhi ya laptopu huisoma chaja kupitia waya wa tatu uliomo ndani ya plagi. Zikikuta chaja ambayo hazitambui, au yenye wati pungufu, hubana prosesa kwenye MHz 800 au chini yake hata kama betri imejaa. Dalili yake haifuati joto: kasi iko chini asubuhi na mchana sawasawa, na ukichomoa chaja mashine inachangamka. Linganisha wati zilizoandikwa chini ya laptopu na za chaja kabla hujanunua nyingine.

SWALI: Hatuna intaneti, tulinganishe saa na nani?

Kituo chetu kiko nje ya mji wa Kibondo. Mwenyeji ni kompyuta mpya yenye KVM, wageni watatu wa Linux na mmoja wa Windows. Intaneti tunaipata mara chache. Umeme ukiisha tunamsitisha kila mgeni, tukirudi amechelewa kwa saa nyingi. Yule wa Windows, yeye anatangulia au kuchelewa saa 3 kamili.
Msomaji, Kibondo

JIBU: Tuanze na Windows maana ni jepesi. Kosa la saa 3 kamili bila dakika wala sekunde halitokani na prosesa. Ni tofauti ya saa zetu za Afrika Mashariki na saa ya dunia. Windows hutarajia saa ya ubao mkuu wa kompyuta iwe ya mahali ilipo, kwa hiyo kwenye maelezo ya mgeni huyo badilisha offset='utc' iwe offset='localtime'. Wa Linux waache kwenye utc.

Wageni wa Linux wanaweza kuichukua saa moja kwa moja kwa mwenyeji bila mtandao wowote. Ndani ya kila mgeni endesha modprobe ptp_kvm, hakikisha faili /dev/ptp0 limetokea, kisha kwenye faili la mipangilio ya chrony, programu ya kulinganisha saa, andika:

refclock PHC /dev/ptp0 poll 2
makestep 1.0 -1

Mstari wa pili unaruhusu saa irukishwe wakati wowote ikikosea zaidi ya sekunde moja. Mipangilio mingi huja na "makestep 1.0 3", ambayo huruhusu kuruka katika masahihisho matatu ya mwanzo tu baada ya chrony kuwashwa. Mgeni aliyesitishwa usiku kucha hajazimwa, kwa hiyo masahihisho yake matatu yalikwisha zamani, na sasa atasukumwa polepole. Kwa mgeni wa kanzidata, simamisha kanzidata kabla ya kumsitisha na uiwashe baada ya chronyc tracking kuonyesha kosa chini ya sekunde moja. Andika ptp_kvm kwenye faili lililoko ndani ya /etc/modules-load.d ili moduli ipakiwe kila mgeni anapowashwa.

Njia hii inataka saa ya mwenyeji iwe tsc. Msomaji wetu wa Mwanga mwenye Core 2 haitamfaa. Yeye amfanye mwenyeji kuwa seva ya saa, kwa kuweka mistari hii kwenye chrony ya mwenyeji:

local stratum 10
allow 192.168.122.0/24

na kwa kila mgeni:

server 192.168.122.1 iburst minpoll 4 maxpoll 6
makestep 1.0 -1

Namba 192.168.122.1 ni anwani ambayo libvirt, programu inayosimamia wageni wa KVM, humpa mwenyeji kwenye mtandao wake wa ndani. Kama mliibadilisha, wekeni yenu. Mwenyeji mwenyewe mlinganisheni na simu yenye mtandao kila mnapopata nafasi, kisha endesheni hwclock --systohc ili saa ya ubao ifuate.